Galoni Ipi?

Tangu Jumapili jioni mtaani kwetu siitwi tena Baba Neema. Naitwa Baba Galoni. Watoto wanaotoka madrasa wananiamkia, "Shikamoo Baba Galoni," kwa adabu zote, mabega yakiwatetemeka kwa kicheko, na kwa kuwa shikamoo haikataliwi, naitikia marahaba na kupita. Muuza chipsi wa pale kona ameniuliza kama mishikaki anifungie kwa kuhesabu au kwa galoni. Mke wangu, ambaye desturi yake ni kunitetea mbele za watu na kunimaliza ndani, safari hii ameanzia nje.

Kisa ni pampu. Kaya za upande wetu wa bonde tulichanga, tukachimba kisima kirefu, tukajenga mnara wa mita 6, tukapandisha tangi la lita 5,000, na kwa hela iliyobaki tukanunua pampu ya kuzamisha, mtumba wa Marekani, kutoka duka moja la Kariakoo. Jumapili ilikuwa siku ya kuiwasha. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, shehe akaomba dua, mchungaji akaomba sala, kila mmoja akijitahidi asizidiwe urefu na mwenzake. Kisha mwenyekiti wa mtaa akasema maneno yaliyoniponza: "Sasa Katibu atusomee uwezo wa mashine."

Nikasimama na kile kibao cha bati. Kiliandikwa 20 GPM. Nikawaeleza wananchi kwamba hizo ni galoni 20 kwa dakika. Galoni moja, nikaendelea, ni lita nne na nusu na ushee, kama lilivyotufundisha lile jedwali la vipimo la nyuma ya daftari. Zidisha: lita 91 kwa dakika. Dumu la lita 20 linajaa kwa sekunde 13. Tangi zima, chini ya saa moja. Vigelegele vikapigwa. Mhazini akaandika. Mama Zuhura akanyoosha mkono akauliza kama galoni si lile dumu la mafuta ya kula la lita 5, maana kwa hesabu yake hiyo ingekuwa lita 100 kamili, na mia ni namba nzuri zaidi. Nikamrekebisha kwa upole wa msomi.

Ndipo akasimama mzee mmoja wa mstari wa nyuma, mzaliwa wa Marangu, mstaafu wa mambo ya maji, mtu ambaye kwenye mikutano huwa anasinzia kwa heshima. Akauliza, "Galoni ipi, Katibu?"

Nikajibu, "Galoni ni galoni, mzee wangu."

Jibu hilo sasa linaimbwa. Limetiwa na makofi.

Mzee hakubishana. Aliomba dumu tupu, akapanda nalo hadi kwenye bomba la majaribio pale juu ya mnara, bomba linapomimina tangini, akavua saa yake ya mkono na kumpa kijana wa bodaboda aisome. Pampu ikawashwa. Tukangoja bomba litoe pumzi na tope, maji yakatulia, dumu likawekwa. Umati ukaanza kuhesabu na saa kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kumi na tatu ilipofika watu walishangilia, kwa sababu waliniamini. Dumu lilikuwa halijafika hata nusu. Wakaendelea, kumi na nne, kumi na tano, lakini sasa kwa sauti ya watu wanaoanza kuonja utamu wa jambo. Ishirini ilitamkwa na kwaya. Ishirini na tano ilikuja na ngoma ya kiti cha plastiki. Thelathini, mchungaji mwenyewe alikuwa anahesabu. Dumu lilifurika sekunde ya 34, na mzee akashuka ngazi polepole, akarudi kwenye kiti chake na kusinzia tena.

Hesabu yangu haikuwa na kosa, na nitalisema hili hata kaburini. Ishirini mara 4.546 ni 90.92, mtaka kubisha na abishe na jedwali. Nilichokosa ni usingizi, kwa sababu usiku huo nilikaa na kikokotoo nikizitafuta lita zangu, na nilivyozipata zilipo, hasira iliondoka kidogo ikaniachia mshangao.

Kumbe galoni ni mbili, na kisa chake ni pombe. Mwaka 1707, enzi za Malkia Anne, sheria ya Uingereza ilitambua galoni ya mvinyo kuwa inchi za ujazo 231. Namba hiyo haikuokotwa. Chukua chombo cha mviringo chenye kipenyo cha inchi 7 na kina cha inchi 6, tumia pai ya 22/7, ile ile tuliyokaririshwa shuleni, zidisha: unapata 231, bila baki hata chembe. Nilipoiona hesabu hiyo inafunga saa saba usiku nilitaka kumwamsha mtu. Walevi wa bia nao walikuwa na galoni yao, kubwa zaidi, inchi 282. Makoloni ya Marekani yakachukua ile ya mvinyo na kubaki nayo hata baada ya uhuru. Ndiyo hiyo lita 3.785. Waingereza wenyewe mwaka 1824 wakazitupa zote mbili, ya mvinyo na ya bia, wakatunga moja mpya: nafasi inayochukuliwa na paundi 10 za maji yaliyo kwenye nyuzi 62 za Farenhaiti. Hiyo ndiyo lita 4.546, na hiyo ndiyo iliyoletwa huku kwetu na mkoloni. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimesoma kwa galoni ya Mwingereza kibao kilichoandikwa kwa galoni ya Mmarekani, na tofauti yake imekwenda na mvinyo wa malkia ambaye hajawahi kuteka maji.

Sahihisha hilo: lita 76 kwa dakika, dumu sekunde 16. Bado tuko mbali na 34.

Fundi umeme ndiye aliyenionyesha mstari wa pili wa kibao. 60 Hz. Umeme wa Marekani hutetemeka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mota ya namna hii hufuata umeme. Ukiipa 50 inazunguka kwa tano ya sita tu ya mwendo wake. Maji nayo yanashuka hadi kiasi hicho hicho, tano ya sita. Na tazama sasa uchawi wenyewe: galoni ya Mmarekani ukiigawa kwa galoni ya Mwingereza unapata karibu tano ya sita vilevile. Yaani niliibiwa sehemu ile ile mara mbili, na wezi wawili wasiofahamiana. Tukafika lita 63. Mota juu ya hapo inapata moto kuliko inavyotakiwa, lakini hilo fundi aliniomba nisiliandike kwenye muhtasari mpaka alipwe.

Kato la tatu ndilo kubwa, na ndilo linalonikera zaidi kwa sababu halina hata uongo ndani yake. Ile 20 ya kwenye kibao ni kiasi ambacho pampu hutoa ikiwa haipandishi maji popote. Chini yake kumeandikwa kimo cha juu kabisa, futi 250, yaani mita 76. Hapo pampu imeyafikisha maji lakini hayatoki hata tone. Namba zote mbili ni kweli, ila haziwezi kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ukitaka maji mengi, usitake kimo. Ukitaka kimo, usiulize maji. Kati yake kuna mchoro wa mstari uliopinda unaosema kwa kila kimo utapata kiasi gani, na mchoro huo ndio pampu yenyewe. Kibao ni mshahara kabla ya makato. Sisi maji yetu yako mita 30 chini, ongeza mnara, ni mita 36. Na kile kimo cha juu nacho kimeshakatwa na umeme, tena zaidi, maana kimo hufuata mwendo wa mota mara mwendo huo huo: kutoka mita 76 hadi 53. Ukitoa yote hayo unabaki na lita 36 kwa dakika kasoro kidogo. Dumu, sekunde 34. Nilipiga hesabu mara ya pili nikitumaini mzee amekosea hata sekunde mbili. Hakukosea.

Nilimwendea asubuhi na mkate wa kumimina. Akanisimulia kwamba kwao Kilimanjaro walikuwa hawahesabu lita wala galoni. Maji ya mfongo, yaani mfereji wao, yanakatwa kwa zamu: wewe tangu alfajiri mpaka jua lifike hapa, jirani yako kuanzia hapo. Mfereji ukiwa mwembamba ni mwembamba kwa wote. Alipoajiriwa akakuta haki za maji za bonde la Pangani zimeandikwa kwa futi za ujazo kwa sekunde, ambayo moja ni lita 28.3, na mkulima aliyepewa nusu ya futi hakuwa na njia ya kujua kama nusu yake imefika au imelala njiani. "Ndiyo maana natembea na saa," akasema. Kisha akauliza kama mkate una iliki.

Mjumbe mmoja wa kamati alikuja na suluhisho la kugawana maji haya machache: bomba la inchi moja kutoka kwenye tangi tuligawe mawili ya nusu inchi, kwa kuwa nusu na nusu ni moja. Nusu na nusu si moja. Bomba la inchi moja hupitisha maji mara tano na zaidi kuliko la nusu inchi kwa msukumo ule ule, kwa sababu eneo la tundu hukua mara nne na msuguano wa kuta hupungua. Isitoshe, hilo bomba la chuma la nusu inchi halina nusu inchi popote. Nje lina milimita 21.3, ndani zaidi ya 15, na nusu inchi ya kweli ni 12.7. Nimepima mwenyewe kwa rula ya Neema. Na ukienda kwenye mabomba ya plastiki, fundi anaiita hiyo hiyo "ishirini". Nilimweleza mjumbe yote haya. Akasema, "Sawa, Baba Galoni."

Hapa kicheko kinaniishia. Mhazini alipanga mchango wa umeme wa LUKU kwa kutumia saa moja niliyoitangaza. Sasa tangi linahitaji saa mbili na dakika 20, na mchango umepanda zaidi ya maradufu. Mimi nitalalamika na kulipa. Mama ntilie wa nyuma ya msikiti, anayeosha sahani kwa maji ya kununua tangu saa kumi alfajiri, hawezi kulalamika na kulipa vyote kwa pamoja. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa na kubandikwa stika. Akipunja robo, ana kesi. Lakini mashine inayouza uhai wa mtaa mzima inaruhusiwa kuingia nchini na namba iliyopimwa kwa galoni ya nchi nyingine, kwa umeme wa nchi nyingine, kwenye kisima kisicho na kina, ule mchoro wake ukiwa umechanwa au haukuwahi kuja, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Ninyi mnaochapa vibao, ingewagharimu nini kuandika lita?

Na si pampu tu. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga linatangazwa kwa mapipa kwa siku. Pipa ni galoni 42, na galoni zenyewe ni zile za mvinyo, kwa hiyo Malkia Anne atafika Chongoleani, mwisho wa bomba, kabla ya mchango wetu kukamilika.

Shemeji yetu wa Texas alituletea bomba la mvua la kuogea, 2.5 GPM, nimeligeuza bila kuulizwa, lita 9.5, na kwa presha yetu linadondosha. Fundi rangi ananiambia kompresa yake ni ya futi 6, hasemi futi za nini, nimenyamaza.

Jana kamati ilinituma Kariakoo, pamoja na mzee na saa yake, tukatafute pampu nyingine. Kijana wa duka, si lile la kwanza, alitupokea vizuri, akafuta vumbi, akapiga kofi ubavu wa mashine.

"Hii inatoa mia moja, wazee wangu."

"Mia moja nini?" mzee akauliza.

"Mia moja kabisa."

"Lita?"

"Lita zipo."

"Kwa dakika au kwa saa?"

Kijana akatutazama kwa huruma, mzee kwanza, kisha mimi.

"Hiyo itategemea na umeme wa kwenu."