Friza ya Mtaa

Hesabu yenyewe haikuwa na kasoro. Kongoro halina haraka: ukilibandika saa nne asubuhi, mchana linakutazama tu, na saa kumi ndiyo kwanza linaanza kulegea. Ila mkaa unaoivisha makongoro mawili ni karibu huohuo unaoivisha manane, mradi sufuria iwe kubwa. Basi pika Jumapili mara moja, gawa kwenye makopo, gandisha, na wiki nzima ukitoka shule kazi yako ni kupasha supu na kusonga ugali wa muhogo. Mwezi Septemba, wakati fedha za msimu uliopita wa korosho zimebaki simulizi na minada ya Oktoba bado iko mbali, hesabu ya namna hiyo inaweza kumliza mwalimu kwa furaha.

Friza tulikuwa nayo. Mume wangu aliinunua msimu mmoja bei ilipokuwa nzuri, kwa ahadi kwamba itauza barafu na kujilipa. Haijajilipa mpaka leo.

Jumapili ya kwanza niliibabua ile miguu ya ng'ombe, nikakwangua masizi kwa kisu mpaka ngozi ikawa nyeupe, nikatia tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, nikaacha moto ufanye kazi yake. Pembeni ikachemka supu ya mbaazi. Tangu India ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi mwaka 2017 na bei ikaporomoka, watu wa kusini tunazila kwa namna ambazo hata mbaazi zenyewe hazikutarajia. Nazi sikuitia, kwa sababu tui likiganda na kuyeyuka linakatika, mafuta huku na maji kule. Kila kopo nilibakiza nafasi ya vidole viwili juu, maana maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia tisa na hayaombi ruhusa ya kifuniko. Juu ya kila kopo nikabandika karatasi: KONGORO. MBAAZI. Mwandiko wa ubaoni kabisa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Aliinama juu ya friza, akafunua kopo la kongoro la jana yake, ambalo lilikuwa bado halijashika barafu, akachomeka kijiko. Kijiko kikasimama wima. Ni kawaida, ngozi na kano za kongoro ikichemka muda mrefu hutoa utomvu unaoganda ukipoa, na supu isiyoganda ndiyo ya kutilia shaka. Nilimweleza hivyo kwa heshima zote. Akafunika kopo.

"Mwanangu, kitu kikishalala mochwari hakirudi mezani."

Yeye akaendelea kula ming'oko yake ya kuchemsha, akitutazama.

Anayehesabiwa mwanzilishi wa biashara ya kisasa ya vyakula vya kugandishwa, Mmarekani Clarence Birdseye, aliipata akili hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita kule Labrador, ambako leo ni Kanada, kwa kuwatazama Wainuit wakivua samaki na samaki kuganda papo hapo kwa baridi. Hapo ndipo penye tofauti. Labrador nje kote ni friza, hakuna jirani wa kugonga mlango. Huku kwetu Nanyamba, samaki anapanda kutoka Mtwara mjini ndani ya ndoo nyuma ya bodaboda, na ukipita msiba, harusi au unyago, nyumba yenye friza inajulikana kuliko zahanati. "Mwalimu, nisitirie hawa changu mpaka kesho." Kesho haina tarehe. Mwingine akaleta pweza wa Msimbati, na huyo nilimpokea kwa moyo mmoja kwa sababu pweza akiganda nyuzi zake hulegea, anaiva bila kupigwa magongo. Mume wangu naye, asitake kupitwa, akakamua mabibo ya kwanza ya msimu, akajaza makopo yaleyale yaliyobaki na kuyaingiza. Juisi ya mabibo isipowekwa kwenye baridi haichukui muda kugeuka uraka, na yeye alitaka juisi. Ndivyo alivyosema.

Kisha umeme ukakatika.

Gesi inachimbwa hapo chini pwani, Mnazi Bay, na tangu 2015 bomba linaisafirisha mpaka Dar es Salaam. Sisi usiku ule tuliwasha tochi za simu. Sikuwa na wasiwasi. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, inaweza kushikilia ubaridi wake hata saa arobaini na nane. Neno zito hapo ni "ikiachwa imefungwa". Mwenye changu alikuja kuwaangalia changu wake. Akafunua, akawabonyeza mmojammoja, akashauriana na mwenye pweza, mfuniko ukiwa wazi wakati wote wa mashauriano. Kufika jioni ya pili kila mwenye kitu alikuwa ameshahakikisha kwamba kitu chake kinayeyuka. Supu zilizolegea ikabidi tuzibandike na kuzila, na huwezi kula sufuria tano za supu bila kuita watu. Watu waliitika. Walikuja na vijiko vyao.

Umeme uliporudi, makopo machache yaliyokuwa chini kabisa yakaganda upya. Karatasi zangu zilikuwa zimebanduka kwa unyevu, nikazikuta zimegandia sakafuni mwa friza, KONGORO juu ya MBAAZI. Yaliyobaki yote yalikuwa ya rangi moja, ya udongo uliolowa.

Siku chache baadaye nilichelewa shuleni kusahihisha. Nyumbani alikuwapo mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, na akafika mwenyekiti wa mtaa kufuatilia mchango. (Tangu Nanyamba iwe halmashauri ya mji mwaka 2015 kijiji chetu kimekuwa mtaa, ila mbuzi hawajapewa barua, bado wanapita barabarani kwa utaratibu wa zamani.) Mtoto ana adabu. Akasonga ugali, akatoa kopo, akakaanga kitunguu na kitunguu saumu, akamimina, akatia chumvi, pilipili na ndimu.

Nilimkuta mwenyekiti amevua koti. Alikuwa anaeleza historia ya mtaa tangu enzi za Mreno, daftari la michango limeanguka chini ya kiti, na bakuli la pili likiwa nusu.

"Mwalimu," alisema, "mbaazi zenu zina nguvu."

Nikaenda jikoni kunusa sufuria. Uraka, pamoja na kitunguu saumu.

"Hukuona kitu?" nilimuuliza mtoto.

"Niliona povu, shangazi. Nikadhani kopo halikusuuzwa vizuri."

Mchango haukudaiwa siku ile.

Aliyenusuru mradi ni mama mkwe. Alichana kanga kuukuu vipande, akafunga kila kopo shingoni: fundo moja kongoro, mafundo mawili mbaazi. Ya mwanawe akayafunga kwa uzi wenye korosho ghafi, ikining'inia. Hakuna unyevu wa kubandua korosho. Wiki hiyohiyo alionja mbaazi za makopo, akasema chumvi imepungua, akamaliza bakuli.

Mwenyekiti alirudi kwa ajili ya mchango. Nikamkaribisha kiti, nikaingia ndani kutafuta fedha, na nilipotoka alikuwa ameshasogea kwenye friza, mfuniko begani, mkono ndani, anapapasa nyuzi.