Fadhila za Dari ya Jipsamu

Busara ya familia ya Dar es Salaam inayohamia katika nyumba ndogo ya vyumba viwili kabla bafu halijapata mlango, lakini baada ya sebule kupata dari ya jipsamu yenye taa za rangi tatu, haijapewa heshima inayoistahili. Jipsamu, yaani madini ya jasi yaliyosagwa na kugandishwa kuwa bodi, hulainika na kuanguka ikilowa, na ndiyo maana fundi mwenye upeo huipachika chini ya bati linalovuja, ili undugu wake na mwenye nyumba usikatike. Nondo, yaani vyuma vinavyotia zege nguvu, huachwa zimechomoza juu ya nguzo za baraza kusubiri ghorofa, na kutu inayozila ni cheti cha subira. Hata Husuni Kubwa ya Kilwa, kasri la karne ya 14, liliachwa bila kukamilika, na kanisa la Sagrada Família la Barcelona lilianza kujengwa mwaka 1882 na ujenzi wake ukachukua vizazi. Masikini, wajenzi wa majengo hayo mawili hawakujua kuanza na taa. Na kwa kuwa bafu la familia yetu bado halina mlango, mgeni akienda msalani huombwa aimbe kwa sauti.