Sifa za Kutoelewa

Asubuhi yangu ya kwanza Likasi, huko Katanga ya Kongo, mama mwenyeji aligonga mlango akasema, "Mayi yako iko tayari." Nikaruka. Nilikuwa nimetoka Tabora kwa mabasi: Tunduma, Zambia nzima, foleni ya malori ya Kasumbalesa, Lubumbashi, siku nne za biskuti na soda. Na sasa waungwana hawa wamenikaangia mayai! Nikavaa shati jipya, nikaketi mezani, mikono juu ya kitambaa, nikangoja. Nilingoja mpaka yakapoa. Yalikuwa maji ya kuoga, ndoo nzima, yamechemshwa kwa makaa ya kununua na kuwekwa bafuni uani kwa ajili yangu peke yangu, nami niko ukumbini natafuta chumvi kwa macho.

Mama alipong'amua, alikaa chini. Alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Kufika adhuhuri, majirani zetu wa Kikula walikuwa na habari kamili za Mtanzania anayeoga kwa mayai, na waliokuja kunisalimu siku hiyo walikuwa wengi kuliko waliokuja kumpokea gavana, kwa maneno ya Papa, yaani baba mwenyeji.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila dawa yenyewe hawakuitaja. Mimi naijua: ni kutoelewa. Watu wameisifu kahawa, wameisifu tumbaku, wapo waliomsifu hata mbu. Kutoelewa hakujapata msifiaji, na nina deni nako.

Nisieleweke vibaya (ingawa, kwa mada hii, haitanidhuru). Sisifu kule kutoelewa lugha ya kigeni. Mpango wa kubadilishana wanafunzi ulinipeleka Likasi nikajifunze Kifaransa, na kutoelewa Kifaransa ni jambo la bei ya chini, kila mtu anaweza. Unatikisa kichwa, unatabasamu, watu wanakuhurumia. Lakini kutoelewa Kiswahili, wewe uliyezaliwa Tabora, uliyepata A ya Kiswahili kidato cha nne, uliyewasahihisha wenzio ngeli tangu utotoni! Hiyo ni kazi ya fundi. Inataka matayarisho ya miaka.

Angalia faida zake. Siku ya pili, bwana mdogo wa nyumba, miaka sita, alimwaga unga wa bukari, yaani ugali. Dada yake akamwambia kwa utulivu kabisa, "Papa atakupika." Nilitazama mbabula, jiko lao la makaa. Nikatazama sufuria iliyokuwa juu yake. Ilikuwa kubwa. Nikamnyakua mtoto, nikamficha mgongoni, na Papa alipotoka na fimbo alikuta mwanafunzi wa kigeni amesimama mlangoni akitetemeka, anaomba kwa Kiswahili cha mtihani kwamba mtoto asipikwe. Katika Kiswahili cha Katanga g hugeuka k mara nyingi. Kupikwa ni kupigwa tu. Fimbo ilianguka. Mtu hawezi kuchapa huku anacheka. Nitajieni elimu iliyowahi kumwokoa mtoto na bakora kwa haraka hiyo.

(Makaa nayo huku huitwa makala. Kwa hiyo ukisikia kuwa makala ya Likasi ndiyo yanayopika bukari, usishangae. Hii yangu haitachemsha hata chai.)

Kutoelewa kunalisha pia. Jioni hiyo nililetewa bukari na sahani ya vinkubala. Aliyejua angeuliza, akaambiwa ni viwavi waliokaushwa, akalala na njaa yake ya kiungwana. Mimi nilishachekwa vya kutosha kwa siku moja, nikaona haya kuuliza. Nikatikisa kichwa kama mjuzi, nikala, nikaongezewa, nikaramba vidole. Nilielezwa kesho yake, mambo yakiwa yameshakwisha tumboni.

Tena mgeni wa Tabora huku ana heshima ya kihistoria. Mtu wa kwetu mashuhuri kuliko wote waliofuata njia hii ni Msiri, aliyetoka upande wa Tabora katika karne ya 19 akiifuata shaba ambayo baba yake, Kalasa, alikuwa akiifanyia biashara. Akawa mfalme wa Garenganze, makao yake Bunkeya, mpaka msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs ulipomuua tarehe 20 Desemba 1891. Mgeni yule alijipatia nchi. Mimi nilipewa ndoo, na sikulalamika.

Na mji wenyewe wa Likasi? Umejengwa na watu wasioelewana. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa 1906, ilikusanya vibarua kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda, kila mmoja na lugha ya mamaye, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Wengi walijifunza ukubwani, kutoka kwa watu ambao nao walijifunza ukubwani. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Hakumwomba mtu ruhusa ya sarufi. Angemwomba nani? BAKITA yetu iliundwa 1967. Nilipomweleza Papa kwamba kwetu kuna baraza zima la kusimamia Kiswahili, aliuliza, kwa upole, kama ndilo lililonifundisha kuoga.

Basi ikafika siku ya tatu, ile ya kumpa mgeni jembe. Nilikuwa nimeshahitimu. Batoto ni watoto, fasi ni mahali, mayi ni maji, hanidanganyi mtu tena. Watoto wenyewe walishaanza kuniita yaya, kaka mkubwa. Mama alikuwa ameinama kwenye mbabula. Alinipa noti bila kugeuka, akasema neno lile, haraka haraka. Ahaa! Bomba la nyumbani lilikuwa kimya tangu alfajiri, na kisimani kwa jirani maji huuzwa. Nikachukua bidoni la manjano la lita 20, nikapanga foleni na akina mama, nikalipa, nikalitwika begani. Mlima ule mnaujua wenye kuujua. Nilirudi shati limelowa mpaka kiunoni, kichwa juu, mwana wa nyumba.

Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Mafuta kwenye kikaango yalikuwa yanatoa moshi, vitunguu vimeshaungua. Aliliangalia bidoni, akaniangalia mimi, akaliangalia bidoni tena.

"Mayayi," akasema, polepole, kwa faida yangu. Kisha akaonyesha kwa vidole, kiduara kidogo, na kwa mkono wa pili akaanza kushika kitenge chake kabla hakijalegea.