Mikwaruzo ya Bei Mbaya

Nimedunduliza miezi tisa kulinunua gitaa hili, na kila mkwaruzo ulio juu yake nimeulipia. Ni jipya kabisa, nakala ya Stratocaster ya 1954. Wamelipaka rangi, kisha wakaikwangua kwa msasa pale mkono unapolalia, na skrubu wakazitia kutu kwa dawa, ili anayeliona aseme mzee huyu ametoka mbali. Fender wenyewe wanauza ya namna hii tangu miaka ya 1990. Lisilochakazwa ni rahisi zaidi. Ndiyo, dukani niliuliza mara mbili.

Jumamosi nikaenda nalo Joubert Park nipigwe picha ya kumtumia mjomba aliyeko Likasi, kule Katanga, Kongo. Nyuma yangu jumba la sanaa, pembeni wanaume wakibishana juu ya chesi. Mpigapicha akalitazama gitaa, akanitazama mimi, akauliza kwa upole: "Bhuti, umeporwa?" Nikamweleza. Nadhani Kizulu changu kiliniangusha, maana alinipunguzia bei.

Picha akamtumia mjomba moja kwa moja. Nilipoiona, gitaa linang'aa kama jeneza la tajiri. Alikuwa ameufuta kila mkwaruzo, bure, kwa huruma. Kovu la kidevuni mwangu hakuligusa. Mtu wa roho nzuri namna hiyo utamgombezaje?

Na mjomba si wa kudanganywa kwa gitaa. Likasi ndiko mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952, na sahani zake zikatolewa na Gallo wa hapahapa Johannesburg. Gallo hao waliuza pia magitaa ya Gallotone. John Lennon alikuwa na moja siku alipokutana na Paul McCartney, Julai 1957, ndani limebandikwa ahadi kwamba halipasuki. Kwa mjomba, huo ni ushahidi kwamba Beatles ni watu wa Katanga.

Nikampigia: picha ni ya uongo, gitaa limejaa mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo iliyopandisha bei. Kimya kikawa kirefu hadi nikadhani salio limekwisha.

"Mpwa wangu," akasema, "lile langu ulilolikalia ukiwa mtoto bado lipo juu ya kabati. Mikwaruzo linayo, sigara imeliunguza, na ule ufa ni kazi ya makalio yako. Huko kwenu, ufa unakwenda randi ngapi?"