Mwongozo kwa Mgeni Anayemtafuta Mkubwa wa Mpakani

Umeshuka kwenye matatu Busia, begi mgongoni, na swali liko mdomoni: "Mkubwa wa hapa ni nani?" Limeze. Swali hilo limewaponza watu wenye bunduki, sembuse wewe mwenye begi.

Kwanza, usiulizie mfalme. Buganda ilikuwa na Kabaka, Mumias ikawa na Nabongo. Katikati hapo Wasamia, Wakhayo, Iteso na Jopadhola waliishi kwa koo na wazee wao, bila wa kuwaamuru wote kwa pamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeshirikiana na Waingereza, aliuona upungufu huo akawahurumia. Akaikata nchi kwa saza na gombolola, vitengo vya utawala vya Buganda, akaweka Waganda wa kuisimamia. Upande wa Kenya, Waingereza walimpa Nabongo Mumia cheo cha chifu mkuu mwaka 1909, na jamaa zake wakapelekwa kuwatawala majirani ambao hawakuwa wameomba kutawaliwa. Palikosekana kiti, wakaleta kiti pamoja na mkalia kiti.

Pili, usidhani pasipo mfalme hapana sheria. Ukialikwa kunywa ajon, pombe ya wimbi ya Iteso, utakuta chungu kimoja katikati, watu wamekizunguka, na kila mmoja ana mrija mrefu kuliko mkono wake. Ushike wako kwa mkono wa kulia. Usipulize. Pombe ikipungua nguvu, maji ya moto yataongezwa. Subiri, maana mwenye pupa huonekana na wote. Askari wa chungu hayupo, lakini ujaribu mkono wa kushoto uone macho yatakavyokugeukia. Penye mtawala ungejua pa kupenyeza kitu kidogo. Hapa mahakimu wako ni wote waliokaa, na huwezi kuwahonga kwa pombe yao wenyewe.

Tatu, kama umesoma, usiwaletee Kropotkin kama habari mpya. Mwaka 1902, mwanamfalme huyo wa Kirusi aliyekana ukubwa alichapisha London kitabu cha kueleza kwamba viumbe, watu wakiwemo, huendelea kuishi kwa kusaidiana, na kwamba vijiji vilijiendesha muda mrefu kabla ya serikali. Mwaka huohuo, tarehe 1 Aprili, amri ya London hiyohiyo iliuondoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ambayo leo ni Kenya. Msamia akabaki na shamba huku, mjomba kule. Kitabu hakikufika Busia. Mpaka ulifika.

Wasomi wenyewe walichelewa. Mwaka 1940 ndipo wanaanthropolojia Fortes na Evans-Pritchard walipotoa kitabu kilichozipa jamii zisizo na serikali fungu lao, na mle Günter Wagner akaandika juu ya Wabukusu na Walogoli, majirani wa hapahapa. Wazee walikuwa wakiyajua hayo bila tanbihi.

Nne, usitanie kodi. Januari 1960, wilaya ya Bukedi upande wa Uganda, ambamo Tororo ilikuwamo, ililipuka. Kodi ilipangwa kwa kukadiria mali ya mtu, na aliyekadiria ni chifu. Nyumba za machifu zikachomwa, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa, tume ikaundwa. Wachomaji hawakuhitaji kiongozi wa kuwaonyesha njia. Kodi ilikuwa na anwani.

Tano, mpakani tazama pembeni. Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni walizindua Busia kituo cha pamoja cha forodha, na malori yakapanga foleni kwa utaratibu. Lakini boda boda ya baiskeli ilizaliwa kwenye mpaka huuhuu bila wizara kuitunga. Na walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu wamejenga biashara nzima ya kuvusha mizigo. Njia za panya usiziulize, ukizihitaji, utaonyeshwa.

Sita, usirudi kwenu ukasifu kupita kiasi. Mwanamke aliyesaga wimbi na kuchemsha maji hakuwa wa kwanza kuulizwa shauri. Na mtu aliyechukiwa na ukoo wake hakuwa na mahakama ya kukatia rufaa. Hofu ya uchawi ilitosha kumhamisha.

Siku hizi Jopadhola wana Kwar Adhola, Iteso wana Emorimor, vyeo vya ukuu wa kimila vyenye umri mdogo kuliko wazee wanaoviinamia. Na kwa miaka mingi jamii hizo mbili zimevutana kuhusu kuigawa wilaya ya Tororo, na hasa mji ubaki kwa nani. Babu zao waligombana kwa ng'ombe na malisho, lakini si kwa makao makuu, hayakuwapo. Sasa kiti kile kilicholetwa kimezoeleka, na kila mmoja anataka kisogezwe kwake. Ukiulizwa Tororo mji ni wa nani, sema umefika leo.