Ngeli za Golbanti: utangulizi wa sarufi ya kutalii na kula

Vitabu vya utalii vina desturi ya kumtuma msafiri kwanza kwenye "mtaa wa kale ulio kando ya mto". London wana Thames, Paris wana Seine, na hata majirani zetu wa Pangani wana mto wao na nyumba zao kuukuu za kupigia picha. Masharti ya mtaa wa namna hii, nikisoma vizuri, ni manne: pawe na mto, pawe na historia, pawe na chakula, pawe na mji. Golbanti, katika Delta ya Tana, inatimiza matatu bila kutoa jasho. Sharti la nne, yaani mji, nimelisamehe kwa sababu za kitaalamu nitakazozieleza baadaye, nikikumbuka.

Utafiti hauendi bila mfumo wa kuainisha. Linnaeus wa Sweden alipanga mimea kwa kuhesabu stameni zake. Mwalimu wangu wa darasa la tano alipanga viumbe vyote vya Mungu, vyenye uhai na visivyo na uhai, kwa viambishi viwili viwili, A-WA, KI-VI, LI-YA, na kiboko kilikuwa mkononi. Sijaona mfumo uliopita huo. Nimeubeba hadi Golbanti ulivyo, pamoja na alama zake za kiboko.

Tuanze na PA-KU-MU, ngeli ya mahali, ingawa vitabuni huwekwa mwisho. Ukitoka Malindi kwenda Garsen, Golbanti iko mkono wa kulia, upande wa mto. Unaiacha lami, unapatana na bodaboda, kisha ni vumbi, au matope, kutegemea mwezi. Wakati wa kiangazi Golbanti iko pale, mahali dhahiri, unaweza kupaonyesha kwa kidole. Mvua kubwa zikinyesha huko bara na Tana ikafura, kijiji cha delta hakiwi pale tena, kinakuwa mle, yaani ndani ya maji. Wenyewe wakishahamia penye mwinuko na magodoro kichwani, wanakitaja kama kule. Wanafunzi wa Nairobi hukariri tofauti ya pale, mle na kule kwa ajili ya mtihani. Watoto wa delta walifunzwa somo hilo na mafuriko ya mwaka 1997, wadogo zao wakalirudia 2018, kisha 2023. Babu zao walishalipita mwaka 1961.

Ngeli ya A-WA ndiyo tajiri kuliko zote, kwa kuwa humo wamo wageni.

Wa kwanza ni mtazama-kaburi. Huyu huja na daftari na kofia pana, na swali lake la kwanza ni "wako wapi?" Nitamrudia. Wa pili ni mtazama-ndege, ambaye shingo yake huelekea juu daima na kwa hiyo hukanyaga kila kitu. Ana haki yake: Delta ya Tana iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2012, hekta 163,600 za vinamasi, mikoko na mbuga, na ndege wake hawana idadi. Lakini nimemshuhudia mmoja akiandika majina ya yangeyange wa kila aina huku chai yake ikiota utando. Wa tatu ni mgeni wa semina. Huyu haji peke yake, kwa hiyo hana umoja, ni WA tu. Hufika baada ya mafuriko, hupiga picha ya pamoja, hula chakula kilichopikwa Malindi. Wa nne ni mwana wa nyumbani, anayefanya kazi Mombasa na kurudi Krismasi. Ndiye mgumu kuainishwa, maana hutazama kila kitu kama mgeni na hula kila kitu kama mwenyeji.

Lipo pia tabaka la kihistoria, mgeni mwenye bunduki. Mfano wake bora ni Carl Peters, Mjerumani aliyepanda kando ya Tana mwaka 1889 akijidai anakwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, wakati Emin alikuwa ameshaokolewa na Stanley na yuko njiani kuelekea pwani. Peters alitalii, na alikula. Nafaka za watu wa mtoni alizichukua kwa nguvu pale aliponyimwa, kisha akaandika kitabu. Kwa sarufi ya Golbanti, huyo si mtalii, ni nzige mwenye kalamu.

Mwanafunzi makini atauliza: na mamba je? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, nikiwa nimekaa mbali na maji. Mamba huja ukingoni mapema. Hutazama kwa saa nzima bila kupepesa. Hapigi kelele, haulizi mtandao uko wapi. Kisha hula. Kwa tafsiri kali ya maneno "kutalii na kula kando ya mto", hakuna mwingine aliyefaulu kama yeye. Akina mama wanaochota maji wanaujua utafiti huu kuliko mimi, ndiyo maana mtoto akisogea mtoni huitwa kwa sauti ya kupasua kibuyu.

Kiboko anahitaji tanbihi yake. Ni jina lenye uraia wa nchi mbili: kiboko hiki ni cha kuchapia, kiboko huyu ni wa mtoni. Anayelima mpunga kando ya Tana hawezi kuwachanganya. Kiboko huyu hula usiku, hatazami chochote, na asubuhi shamba limelala chini kana kwamba limechapwa na kiboko hicho.

Sasa samaki. Hapa sarufi inafichua jambo ambalo wapishi wamelinyamazia. Ng'ombe akichinjwa hubadilika ngeli: alikuwa yeye, sasa ni nyama, na nyama imeiva. Samaki habadiliki. Yuko mtoni ni yeye, yuko kikaangoni ni yeye, yuko sahanini bado mwalimu atakusahihisha: samaki ameiva, si imeiva. Ndiyo sababu kambare wa Tana, aliyepikwa mzima na masharubu yake, humtazama mlaji kama mzee wa baraza anayesubiri maelezo.

Kamongo ndiye aliyenivurugia jedwali. Huyu ni samaki mwenye mapafu. Kinamasi kikikauka hujizika matopeni, akalala humo akivuta hewa mpaka maji yarudi. Samaki anayeweza kupigwa jembe kwa bahati mbaya, kama kiazi! Nilijaribu kumweka kwenye fungu la mazao ya shambani, mzee niliyekuwa naye akacheka mpaka akashika mti. "Mjukuu wangu," akasema, "huyo muulize mwenyewe. Ana meno." Nimemwacha A-WA.

KI-VI sina mengi: kikombe, kijiko, kijiji, kitoweo. Wala I-ZI: ndizi, nazi, chai. Chai ya delta ni ya maziwa na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko kilichotajwa hapo juu. Tuendelee.

Katika U-I na jamaa zake yuko mpunga. Mwingereza ana neno moja tu kwa mpunga, mchele na wali, na huenda ndiyo sababu wali wake huwa vile. Kwetu kitu hiki huzaliwa mara tatu: mpunga shambani, mchele kinuni, wali sufuriani. Kila hatua ina jina na ina jasho lake, na kati ya hatua ya kwanza na ya pili kuna ndege, kiboko huyu na mto wenyewe. Mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, katika delta ulivunjwa kingo zake na maji ya El Niño ya 1997 na 1998. Mtu akikupakulia wali Golbanti, jua unakula kitu kilichonusurika.

Ipo ngeli ya YA-YA, isiyo na umoja, na hapa utani wangu unapunguza mwendo. Humo mna maji na maziwa. Wapokomo ni wakulima na wavuvi wa mto. Waorma ni wafugaji wa mbuga. Ng'ombe wa Waorma wakishuka mtoni kunywa hupita kwenye njia ziitwazo malka, kati ya mashamba. Mwaka mzuri, maziwa yenye harufu ya moshi wa chombo chake hubadilishana mikono na mahindi na ndizi. Mwaka mbaya, malka hufungwa au shamba huliwa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii. Mgeni anayekunywa chai ya maziwa Golbanti anakunywa maji ya mmoja na maziwa ya mwingine katika kikombe kimoja, na hana haki ya kulalamika kwamba imepoa.

LI-YA ni ngeli ya makaburi na maembe. Sikuyapanga pamoja mimi.

Mei 1886, John Houghton na mkewe Annie, wamishonari Wamethodisti kutoka Uingereza, waliuawa hapa Golbanti katika shambulio la Wamaasai waliokuwa wakiwinda ng'ombe. Wenyeji wa misheni waliuawa pamoja nao. Misheni ilikuwa tawi la kazi aliyoianzisha Thomas Wakefield huko Ribe, na lengo lake lilikuwa Waorma, ambao wazungu wa siku hizo waliwaita kwa jina wasilolipenda. Mtazama-kaburi anayajua yote haya. Asilolijua, kwa kawaida, ni kwamba kazi ya Golbanti baada ya msiba huo ilishikwa na Mwafrika, William During kutoka Sierra Leone, aliyevuka bara zima kwa njia ya bahari kuja kuishi penye mbu na mamba. Aliyefia hapa anatembelewa. Aliyeishi hapa hakuna anayemuulizia. Hili ni kosa la watalii duniani kote, na sioni tiba yake.

Embe nalo halina shida ya kuuliziwa. Kuna dodo, kuna ngowe, kuna boribo, na kuna embe la kienyeji lisilo na jina la ukoo, dogo, tamu, lenye nyuzi zitakazokaa menoni mwako hadi Malindi. Msimu ukipamba moto, umoja wa neno hili hupotea, kunakuwa na maembe tu: juu ya mti, chini ya mti, ndani ya ndoo, ndani ya mbuzi. Bei huanguka pamoja nayo. Lori lisipopita kwa matope, huoza palepale yalipodondoka. Nimeona ushahidi wa kutosha kwa pua.

Niongeze jambo moja kwa haraka, kwa kuwa halina ngeli. Wimbo wetu wa taifa uliandaliwa kwa ajili ya uhuru mwaka 1963 kutokana na sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Tangu hapo marais, majenerali na timu za kandanda husimama wima, mikono ubavuni, kusikiliza sauti ambayo kazi yake ya asili ilikuwa kuwalaza.

Imebaki KU, ngeli ya vitendo: kutazama, kula. Nadharia yangu, nilipofika, ilikuwa kwamba hivi ni vitendo viwili na kimoja kinaweza kusubiri. Nilifika saa sita mchana, nikataka kwenda makaburini na mtoni mara moja. Mama wa nyumba niliyofikia alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga matatu, anakuna embe bichi ndani ya mchuzi wa nazi, na kambare ameshakatwa vipande vinne, kichwa kikiwa peke yake kwenye kifuniko. Alitia tui jepesi kwanza, akaacha lichemke, kisha tui zito, akawa analipepea kwa mwiko lisikatike. Hakuinua uso.

"Mwanangu, kula kwanza. Mto hauondoki."

Nikakaa, kwa heshima ya mama na kwa harufu. Lakini kama mtafiti sina budi kuandika kwamba kauli ile haina ukweli wowote. Tana ni mto uendao safari kuliko Waswahili. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha Tana na mto Ozi. Maji ya Tana yakaonja njia mpya, yakaipenda, na leo mto mrefu kuliko yote ya Kenya unamwagikia baharini Kipini, ukiwa umeutelekeza mdomo wake wa zamani. Kule delta kuna mikondo mikavu na maziwa yaliyopinda kama miezi michanga, kila kimoja kikiwa ni mahali ambapo mtu aliwahi kuambiwa mto hauondoki. Na hii ndiyo sababu, sasa nimekumbuka, ya kuisamehe Golbanti sharti la mji: mji wa mawe unahitaji mto unaotulia.

Nilimweleza mama haya yote huku nikila. Aliniongezea wali.

Kichwa cha kambare nilipewa mimi, mgeni. Embe bichi lilikuwa limeyeyuka ndani ya tui, ukali wake ukibaki nyuma ya ulimi. Baada ya hapo ikaja chai, baada ya chai mkeka chini ya mwembe, na baada ya mkeka sina kumbukumbu. Nilipoamshwa jua lilikuwa limefika usawa wa migomba na bodaboda anapiga honi. Makaburi niliyaona kwa dakika tano, gizagiza, mzee akinishikia tochi ya simu na kuniuliza kama kamongo nimemwainisha.

Kwa hiyo ukienda, nenda makaburini kwanza, umtaje na During, ndipo urudi kula. Na bei ya bodaboda mpatane kabla hajazima pikipiki.