Bwana Mdogo Amecheua Tena

Watu hulalamika kwamba huku Bafwasende, Congo, hakuna madaktari. Si kweli. Zaa mtoto anayecheua maziwa, ukae naye barazani asubuhi moja tu, utawahesabu mwenyewe. Dereva ambaye lori lake limelala matopeni kwenye Barabara ya Taifa namba 4 ni daktari. Mchimba dhahabu aliyeshuka mjini kutafuta chumvi ni daktari. Mama anayeuza samaki wa mto Lindi ni daktari bingwa, na ushauri wake unaupata hata kama samaki hukununua.

Bwana Mdogo wa kwangu ana miezi mitatu. Ananyonya hadi jasho linamtoka puani, anashiba, anakutazama usoni kwa upole, anatabasamu, kisha anakumwagia begani. Halii wala hasumbuki. Anayesumbuka ni mwenye bega. Na mgawanyo wa kazi nyumbani ulipangwa na mama yake bila kikao: yeye ananyonyesha, mimi napokea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mashati yangu ya kazi si mengi, na mvua ya huku haiulizi mtu una nguo ngapi. Shati likifuliwa Jumatatu, Jumatano bado linachuruzika chini ya paa. Kwa hiyo naingia darasani na doa jeupe kwenye bega la kushoto, na harufu ya maziwa yaliyochacha inayotangulia salamu yangu. Nikigeuka kuandika ubaoni wanacheka, nikiwageukia kimya. Jina wamekwisha kunipa. Sitawaambia ni lipi.

Turudi kwa madaktari wangu wa barazani. Wa kwanza alisema maziwa ya mama ni mepesi, aongezewe uji. Wa pili akasema ni mazito, mtoto apewe maji. Wa tatu alitaka kujua mama amekula nini, akaambiwa sombe (kisamvu) na pilipili, akatikisa kichwa kana kwamba kesi imekwisha. Ndugu mmoja wa kanisani aliona pepo, akataka tufunge kula siku kadhaa. Nilimjibu kwamba kwa mshahara wa mwalimu tumeshaanza.

Lakini aliyeniudhi hasa ni mzee mmoja jirani. Alikaa, akanywa chai yangu, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akarudi kumtazama mtoto. Halafu akauliza taratibu: "Mwalimu, jioni ukitoka shule, huwa unapitia wapi?" Mke wangu aliacha kuchambua mchele. Nilielewa mzee anaelekea wapi: kwamba baba ametembea nje, amembemenda mtoto. Yaani maziwa anacheua mtoto, kesi napewa mimi! Nilieleza kuhusu madaftari ya kusahihisha mpaka sauti ikakauka, na bado siku hiyo chakula cha usiku nilikila peke yangu.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Kisangani, kilomita zaidi ya 250 za makorongo juu ya pikipiki, na ndizi za kupondea lituma, na mkobani, chini ya vitenge, kile kipira cha kuoshea tumbo. Msomaji wa Congo hahitaji maelezo. Kwa wengine: ni kipira kidogo chenye mdomo, kinajazwa maji ya majani na tangawizi, halafu kinaingizwa mahali ambapo mtoto hakukaribisha mtu. Mama mkwe aliwalea wanawe wote hivyo, na wote wako hai, mmoja wao nimemuoa. Utabisha nini? Isitoshe, huku kwetu mama mkwe hapingwi, anazungukwa. Nikasema: "Mama, mawazo yako ni mazuri sana. Kesho ni siku ya kilo, twende wote tumsikie munganga, halafu tutafanya utakavyo."

Siku ya kilo wanawake wanapanga foleni na watoto, mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, anapiga kelele, uzito unaandikwa kwenye kadi. Nilikuwa mwanamume peke yangu, na shati langu ndilo lililonitambulisha. Muuguzi, mama mtu mzima asiyepoteza maneno, hakuuliza mama amekula nini wala baba anapitia wapi. Aliuliza: anachotoa kina rangi ya kijani? Kina damu? Kinaruka mbali kwa nguvu kila akinyonya? Ana homa? Anakataa titi? Anakojoa sawasawa? Ndiyo au hapana, papa, usinihadithie. Lingejibiwa ndiyo lolote kati ya yale matano ya kwanza, au mkojo ungekuwa umepungua, tungepelekwa hospitali kuu siku ileile, bila kupitia nyumbani. Rangi ya kijani hasa haisubiriwi. Inaweza kuwa utumbo umejisokota. Na mtoto wa wiki chache anayetapika kwa kurusha mbali kila akinyonya, huku akizidi kukonda, huenda njia ya kutokea tumboni imekaza, na hiyo dawa yake ni upasuaji.

Kisha akaweka kidole kwenye kadi. Mstari wa uzito unapanda. "Huyu ni mzima," akasema. "Anacheua kwa sababu ni mtoto. Mshike wima nusu saa akishanyonya, mpigishe mbweu, anyonye kidogo kidogo mara nyingi, usimfunge nepi ikambana tumbo. Usiku alale chali, hata kama anacheua. Maji, uji, majani, hapana, mpaka miezi sita." Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo kuhusu kipira. Muuguzi alimshika mkono kwa heshima zote, akamweleza kwamba huwa wanaletewa watoto waliokauka maji au walioumizwa utumbo kwa hicho hicho kipira. Kikarudi chini ya vitenge. Nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka aliyeshindwa amekaa upande gani wa undugu.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Muuza dawa alikuwa bado hajatoa hukumu yake. Duka lake liko njiani kwenda shule, na ana chupa kwa kila tatizo. Kwangu alikuwa na mbili: ya maji matamu ya chango, na ya kuzima asidi, ya pili ghali kiasi kwamba aliitaja bei akiwa ameangalia pembeni. Nikampigia mpwa wangu anayesomea utabibu Chuo Kikuu cha Kisangani. Kijana huyo ana kasoro moja: ukimuuliza saa, anakupa historia ya saa.

Alianza na Uingereza. Maji ya chango, alisema, yalitengenezwa mwaka 1851 na muuza dawa wa mji wa Nottingham, William Woodward, ambaye alikopa wazo kutoka dawa waliyokuwa wakipewa watoto wenye homa ya mabwawani, na homa hiyo ni malaria. Ndani kulikuwa na magadi, mafuta ya bizari, sukari, na pombe. Pombe! Kwa zaidi ya miaka mia moja wazazi waliona mtoto ametulia, wakasifu bizari. Sisi huku tukimpa mtoto lotoko, ile pombe kali ya mihogo na mahindi, tunaitwa washenzi. Mwingereza anaitia kwenye chupa yenye picha ya kichanga, anaitwa muuza dawa. Siku hizi pombe wameitoa, ila chupa bado inauzwa, na mtoto wa miezi mitatu bado haihitaji.

Na ile ya asidi? Mpwa akasema mwaka 2009 yalichapishwa majaribio ya watoto 162 waliokuwa wanasumbuka na kulia wakinyonya. Nusu walipewa dawa ya kupunguza asidi, nusu wakapewa kitu kisicho na dawa ndani, na wazazi hawakujua nani kapata nini. Waliopata nafuu kwenye kundi la dawa walikuwa 54 katika kila 100. Kwenye kundi lisilo na dawa, 54 katika kila 100. Na waliokunywa dawa ndio waliougua zaidi kifua. Wapo watoto wachache ambao asidi inawachoma kweli koo, hao daktari anawaandikia na anawafuatilia. Wangu hayumo, na faranga zangu zimebaki mfukoni, ambako kwa kweli hazikai muda mrefu.

Kinachotokea, kwa maelezo yake, ni hiki. Chini ya koo, pale linapoingia tumboni, kuna msuli unaotakiwa kufunga chakula kisirudi. Kwa mtoto mchanga msuli huo ni kama mlango wa darasa langu: upo, umepakwa rangi, lakini haufungi. Tumbo lenyewe dogo, chakula chote maji, mwenyewe amelala mchana kutwa. Yasirudi kwa nini? Huko Chicago waliwauliza wazazi wa watoto 948, wakachapisha majibu mwaka 1997: kwenye mwezi wa nne, watoto 67 katika 100 walikuwa wanacheua angalau mara moja kwa siku. Kufikia miezi kumi hadi kumi na miwili walibaki 5. Mtoto anajifunza kukaa, anakula vizito, msuli unakomaa, basi. Niliposikia mwezi wa nne ndio kilele, nilihesabu mashati yangu.

Hapo ningekata simu kijana asingeendelea. Aliendelea. Alisema ukipita Nia-Nia na Mambasa, kwenye msitu wa Ituri, watafiti walikaa miaka ya 1980 na Waefe, wawindaji wa msitu huo, wakaona kichanga chao hakitui chini. Kinapita mkono kwa mkono, kimebebwa, na hata wanawake wengine hukinyonyesha. Nikasema vizuri, ndugu ni wengi. Akaongeza kwamba kwa Waaka, wawindaji wenzao wa upande wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kuna baba ambao mama akichelewa kurudi humtuliza mtoto kwa kumpa titi lao wenyewe. Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti.

Tangu siku hiyo, nikilalamika kidogo tu kuhusu bega, mke wangu ananitazama kifuani.

Kwa hiyo sasa kazi yangu ni hii: nusu saa kila akishanyonya, usiku na mchana, nimesimama na Bwana Mdogo wima kifuani, nikimgongagonga mgongo, nikisubiri mbweu ambao mwenyewe anautoa akipenda. Mama mkwe amebaki, na kwa haki yake, ananipokea alfajiri, maana mgongo wake unajua kubeba kuliko wangu. Washauri hawajapungua. Jana tu kuna aliyetaka nimlaze kifudifudi. Nilimuuliza kama yuko tayari kumshika yeye. Alikumbuka ana safari.

Ndiyo maana nawaomba, jirani, ndugu, abiria wa lori, mkipita kwangu kumsalimia mtoto, dawa ziacheni kwenu. Njooni na sabuni ya mche, vaeni shati msilolipenda, kaeni mumshike nusu saa, mimi nikalale.